Vijana Wetu Walio Ng'ambo: Habari za Kwenda na Kurudi



Katika mkutano wa mwaka uliopita mzee mmoja aliuliza: mbona vijana tuliowachangia nauli hawarudi? Halikupatikana jibu. Kamati imeniagiza niandike machache juu ya jambo hili, nami naona yafaa kuanzia nyuma, kwa kuwa swali hilo si geni.

Mwezi wa Septemba 1959 wanafunzi 81 walipanda ndege Nairobi kwenda Marekani. Safari hiyo ilitengenezwa na Bwana Tom Mboya pamoja na rafiki zake wa huko, na mwaka wa 1960 mfuko wa jamaa ya Kennedy ukatoa dola 100,000 ili wengine wafuate. Kufikia mwaka wa 1963 walikuwa wamekwenda karibu 800, wengi wao Wakenya. Wafadhili walilipa ndege, lakini fedha za matumizi zilichangwa huku nyumbani katika karamu za chai. Wapo miongoni mwetu wanaozikumbuka karamu hizo. Aliyetoa shilingi yake alitumaini kwamba nchi ikijitawala itakuwa na waganga, walimu na wahandisi wake yenyewe.

Wengi walirudi, wakashika kazi zilizoachwa na Wazungu. Lakini si wote waliopokewa vema. Mwaka wa 1960 alisafiri msichana wa Nyeri, Wangari Muta, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Wangari Maathai. Alisoma Kansas, kisha Pittsburgh, akapata barua ya kumwahidi kazi ya utafiti wa elimu ya wanyama katika chuo kikuu cha Nairobi. Alifika Januari 1966, barua mkononi, akaambiwa kwamba kazi amekwisha pewa mtu mwingine. Katika kitabu cha maisha yake ameeleza kwamba kabila lake na uanamke wake ndivyo vilivyomzuia. Alihangaika hata Profesa Hofmann, Mjerumani, alipomchukua katika idara ya uganga wa mifugo. Mwaka wa 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya udaktari, na mwaka wa 2004 akatunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani. Mimi hujiuliza ingekuwaje kama siku ile angegeuka na kurudi uwanja wa ndege.

Taiwan nayo ilipotewa na wasomi wake kwa njia hiyo hiyo. Mwaka wa 1980 serikali ilifungua mtaa wa viwanda huko Hsinchu, ikajenga nyumba, na baadaye shule ya lugha mbili kwa watoto waliolelewa ng'ambo. Nao wahandisi walioko California waliunda vyama, kama kile cha Monte Jade cha mwaka wa 1989, wakapelekeana habari za kazi na mitaji. Mwaka wa 1985 Bwana Morris Chang, aliyekaa Marekani zaidi ya miaka 30, aliitwa kuongoza taasisi ya utafiti (wala hakuwa mzaliwa wa Taiwan). Mwaka wa 1987 akaanzisha TSMC, kampuni itengenezayo vile vipande vidogo vinavyoendesha simu na kompyuta.

Huku kwetu Katiba ya 2010 imemruhusu mzaliwa wa Kenya kuchukua uraia wa nchi nyingine pasipo kupoteza wake. Hiyo ni heri kubwa, maana mtu aweza kuja, akapima mambo, kabla ya kuhamisha jamaa yake.

Chama chetu kina daftari la wanachama walio ng'ambo, lenye jina, kazi na mji wa kila mmoja. Wazee wa kamati wameamuru iongezwe safu ya nne: ni nini kinachomngoja hapa. Hadi taarifa hii inapopigwa chapa, safu hiyo imejazwa kwa watu wawili tu: muuguzi aliyewekewa nafasi na nyumba katika zahanati hadi Desemba, na fundi wa umeme ambaye ndugu zake wamekubali kumkatia kiwanja.