Akrabu ya Nne

Mjomba wangu alikuwa baharia. Alipofariki aliacha vitu vichache: kanzu mbili, Msahafu, sanduku la bati lenye karatasi za meli, na saa ya mkono nzito kama kufuli. Msahafu aliuchukua bintiye. Saa nilipewa mimi, kwa kuwa, walisema, mimi ndiye mpenda mambo ya kale.

Ni saa ya wapiga mbizi. Juu yake ina pete ya chuma yenye alama za dakika 60, nayo huzunguka upande mmoja tu. Mzamiaji huielekeza alama ya mwanzo kwenye akrabu ya dakika anapozama, na tangu hapo husoma muda aliokaa chini. Kule kukataa kurudi upande wa pili ni kwa makusudi. Pete ikigongwa na mwamba, kosa litakalotokea litamfanya mtu adhani amekaa chini zaidi ya alivyokaa, kamwe si pungufu. Kampuni ya Blancpain ya Uswisi ilitoa saa ya namna hii mwaka 1953, ikavaliwa na wazamiaji wa jeshi la majini la Ufaransa. Miaka michache baadaye, Rolex ikawatengenezea marubani wa Pan American saa yenye akrabu ya nne, inayozunguka mara moja tu kwa siku nzima, ili msafiri ajue saa ya alipo na saa ya alikotoka. Viwanda vingine vikaja kuziunganisha saa hizo mbili katika chombo kimoja, na ya mjomba ni ya ukoo huo. Jina la kiwanda limefutika kwa chumvi. Ndani ya kioo mna pete ya pili, yenye namba 1 hadi 24, inayozungushwa kwa ufunguo wake mdogo ubavuni. Betri haina, hujijaza yenyewe kwa mtikisiko wa mkono.

Sasa, ndugu msomaji, mtu wa mwambao akielezwa kwamba Wazungu wamebuni saa ya majira mawili ana haki ya kucheka. Sisi tulivaa lini saa ya majira mamoja? Akrabu fupi ikisimama kwenye 2 mchana, mtoto wa Tanga anasema saa nane, wala hasiti. Macho yanaona namba moja, ulimi unataja ile inayoikabili upande wa pili wa uso wa saa. Saa ya kwanza ya mchana kwetu ni ile inayofuata kucha, na ya kwanza ya usiku ni ile inayofuata magharibi. Wahabeshi nao huhesabu hivyo hivyo.

Hesabu hii inakaa vizuri hapa kwa sababu ya mahali tulipo. Tanga iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na mchana wa Desemba haupishani na mchana wa Juni hata kwa dakika 40. Huko Maskati, walikotoka masultani wa Unguja, tofauti hiyo hukaribia saa tatu. Watu wa huko walihesabu saa zao kuanzia kuchwa kwa jua, na ilibidi saa irekebishwe mara kwa mara ili magharibi iangukie kumi na mbili. Desturi hiyo waliivusha bahari, nayo ilipofika kwetu ikakuta jua lisilo na kigeugeu.

Unguja ndiko majira mawili yalikogongana kwa kishindo. Tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza walimpa Sayyid Khalid bin Barghash hadi saa tatu asubuhi aondoke katika jumba la kifalme. Katika saa zao ilikuwa tisa. Hakuondoka. Mizinga ya manowari ilianza dakika chache tu baada ya muda kwisha, na kabla ya saa nne vita vyote vilikuwa vimekwisha. Mnara uliosimama mbele ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, uliharibiwa. Jumba lenyewe lilipotengenezwa likapewa mnara mpya wa saa, nao ulikuwa alama ya mji kwa zaidi ya karne moja, mpaka sehemu ya jumba ilipoporomoka Desemba 2020.

Huku bara, saa ya kigeni haikuja kwa mizinga. Ilikuja kwa reli. Wajerumani walianza kujenga njia ya Tanga mwaka 1893, mwaka uleule Dk. Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge kutoka Florida kwa njia ya Hamburg. Alinunua miche 1,000, ikafika hai 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Treni ina ratiba, na ratiba haijui jua limesimama wapi. Mwaka 1884, kwenye mkutano wa Washington, mataifa makubwa yalikuwa yamekwisha kubaliana kwamba longitudo ihesabiwe kuanzia Greenwich. Polepole dunia ikakatwa vipande vya saa mojamoja, kila kimoja nyuzi 15. Afrika Mashariki haikutulia haraka: kwa miaka kadhaa saa za watawala huku zilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 45, hesabu isiyo na radhi ya jua wala ya jirani. Mwisho tukatulia kwenye saa tatu kamili, ambazo kwa haki ni za nyuzi 45. Tanga iko kwenye 39. Kila uzi mmoja ni dakika nne, kwa hiyo jua letu limechelewa nyuma ya saa za serikali kwa dakika 24 hivi. Ndiyo maana ikipiga saa sita mchana kivuli bado kipo, na mwadhini wa adhuhuri angali ameketi.

Wavuvi wa Kigombe hawakuwahi kujali lolote kati ya haya. Saa yao ni bamvua na maji mafu, na maji huchelewa karibu dakika 50 kila siku.

Nimezunguka sana. Nilichotaka kueleza ni simu.

Mwaka 1974 mjomba alikuwa mwaka wa tisa ughaibuni. Bibi, mama yake, alikuwa hoi kwa maradhi ya kifua, na alikuwa na neno moja tu: kuisikia sauti ya mwanawe. Barua ikaja kutoka Hamburg. Atapiga simu kwenye duka la jirani yetu, Ngamiani, Jumamosi tarehe 14 Desemba, saa 2.00. Mimi ndiye niliyeisoma barua ile kwa sauti. Nilikuwa darasa la sita, na kwenye somo la Kiingereza tulikuwa tumekwisha fundishwa kusoma saa kwa namna yao.

Nikasema, saa mbili. Mama akauliza, usiku? Nikasema, usiku, maana saa mbili asubuhi nani hupiga simu.

Bibi akatwambia tumpeleke Ijumaa. Kwake yeye Jumamosi iliingia Ijumaa jua lilipozama, na usiku wa Jumamosi ulikuwa ndio huo. Tulibisha, tukashindwa. Tukambeba kwa kiti hadi dukani, akakaa mpaka saa nne na shuka lake la kaskazi begani, simu kimya. Jumamosi usiku tukambeba tena. Tajiri mwenyewe alituwekea taa na kahawa. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita. Ndipo kijana wa dukani, aliyekuwa amekwenda kula, akarudi na kutukuta pale. Akasema, "Kumbe mlikuwa mnasubiri simu? Ililia mchana, saa nane. Mtu wa mbali, sauti inakatika. Nilimwambia hakuna mtu."

Hamburg ilikuwa adhuhuri. Mjomba alikuwa amehesabu kwa uangalifu: saa mbili za tofauti, huku kumi na mbili, kule mbili. Hesabu yake haikuwa na kosa. Ulimi wake ndio uliokuwa umehama.

Bibi alifariki siku chache baada ya Idi Kubwa. Simu ya maji ikamkuta mwanawe Antwerp.

Saa hii aliinunua Singapore mwaka uliofuata. Aliporudi moja kwa moja mwaka 1983 sikuwahi kumwona bila hiyo, na kwa miaka mingi niliamini aliinunua kwa majuto, asije akakosa tena. Lakini nikifikiri vizuri, saa hii isingemsaidia. Akrabu ya nne ingemwambia kwamba Tanga ni 14, jambo alilolijua. Isingemwambia kwamba nyumbani kwao hiyo huitwa nane.

Kazi za saa yenyewe aliifanyisha chache. Imeandikwa kwamba inahimili mita 200. Hicho ni kina cha silikanti, yule samaki wa kale ambaye tangu 2003 wavuvi wetu wamekuwa wakimnasa kwenye majarife ya kina kirefu, hata mwaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari kwa jina lake. Mjomba alizamia pweza kwa pumzi moja, mita tatu au nne, na pumzi haihitaji pete. Pete aliitumia jikoni, kupimia pweza anavyochemka.

Mwaka jana ilisimama. Nikaipeleka kwa fundi saa mmoja mzee mjini. Akaifungua, akasema mafuta yamekauka na mpira wa kuzuia maji umeoza, ndiyo maana pete ya ndani imekwama. Kiswahili chetu kina neno zuri hapo: saa hutiwa majira, na majira hayo hayo ndiyo njia ya chombo baharini. Baada ya juma moja nikaikuta inatembea. Fundi akasema, "Nimeitia majira, ila pete ya ndani imepotea njia. Iko saa sita nyuma. Wajua hii ni saa ya wapi?" Mjukuu wake alikwisha tafuta kwenye simu. Buenos Aires.

Mjomba hakuwahi kufika Buenos Aires. Nikaishika saa, nikaitazama vizuri. Ilikuwa asubuhi, akrabu za kawaida zikionyesha nne na robo. Nikamwomba fundi azisogeze mbele polepole. Mchana wa saa 14, akrabu ya nne ilisimama kwenye 8. Magharibi ilisimama kwenye 12. Alfajiri ilimaliza 24 ikaanza upya, jua likichomoza.

Fundi alikuwa ameshika kibisibisi. "Niirekebishe?"

Nikamwambia aifunge kama ilivyo.