Mtoto anaweza kuanza kusoma nyumbani

Vita na kuhama vimefunga madarasa mengi kwetu mashariki. Lakini kusoma kunaweza kuanzia nyumbani. Kiswahili kina irabu 5 tu: a, e, i, o, u, na kila moja ina sauti yake ile ile.

Sauti. Mtoto aandike a kwa kidole katika mchanga ao majivu, huku akiitamka. Kesho e.

Silabi. Tunakata vipande vya katoni, 2 kwa kila herufi, na kuandika kwa makaa. Tunaweka m mbele ya irabu: ma, me, mi, mo, mu. Tusiseme "em", tufunge midomo na kuvuma "mmm".

Neno. Apige makofi kwa kila silabi: ki-ta-bu, mara 3. Kisha aunge vipande: mama, mimi, umeme.

Tumwambie mapema kwamba sauti ya u yetu, Kifaransa huiandika ou, asichanganyikiwe shuleni.

Dakika 15 kila jioni zinatosha, akichoka, tuache. Tunamtayarisha yule atakayetusomea Neno la Mungu wakati wa sala ya jamaa.