Nani Mwenye Masafa?

Mwaka 1938 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliruhusu vifaa vidogo vya redio vitumike bila leseni kwa masharti mawili: visimsumbue mwenye leseni, na vyenyewe vikisumbuliwa, vivumilie. Mwaka 1985 iliwapa watu wa redio ya ridhaa masafa ya megahezi 902 hadi 928. Mwaka huohuo ikavifungulia vifaa visivyo na leseni masafa yaleyale. Zikaja simu za nyumbani zisizo na waya, na vifaa vya kusikilizia watoto wachanga. Kisheria mwenye leseni alikuwa juu. Mimi nashindwa kukubali kwamba sheria ndiyo iliyoamua. Nani angebisha hodi mtaa mzima akiuliza ni simu ipi inayomwingilia? Jirani hakujua hata kwamba amenunua redio.