Toba Inayomfikia Aliyeumizwa

Walutheri tunaijua ngome ya Wartburg huko Ujerumani. Humo Martin Luther alifichwa mwaka 1521, akaanza kutafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Lakini ngome hiyo ina habari nyingine tusiyoisimulia sana. Mwaka 1540 alifungwa humo mkulima aitwaye Fritz Erbe, ambaye kwa imani yake alikataa ubatizo wa watoto wachanga. Alifia kifungoni mwaka 1548, chini ya watawala walioyafuata Matengenezo ya Kanisa.

Watu wa imani yake waliitwa Waanabaptisti, yaani wabatizaji upya. Ungamo letu la Augsburg la mwaka 1530 linawahukumu kwa jina. Mwaka uliofuata, Philip Melanchthon aliandika shauri la kukubali wauawe, na Luther akaliafiki.

Mwaka 1980 Walutheri waliadhimisha miaka 450 ya Ungamo hilo, wakawaalika Wamennonite, ambao ni wazao wa kiroho wa Waanabaptisti. Nao wakauliza: tutaisherehekeaje hati inayotuhukumu? Walutheri wangeweza kujibu kwamba yaliyopita si ndwele. Badala yake, baadaye tume ya pande zote mbili ilikaa na kuiandika historia ile kwa pamoja. Aliyeumizwa akapewa nafasi ya kusema.

Ndipo tarehe 22 Julai 2010, mjini Stuttgart, Mkutano Mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani ulipomwomba Mungu msamaha, na kuwaomba Wamennonite pia. Askofu Danisa Ndlovu wa Zimbabwe, aliyekuwa kiongozi wao duniani, aliupokea ujumbe huo. Wamennonite wakatoa zawadi: beseni la mbao la kuoshea miguu. Walutheri nao waliahidi kuyafundisha hayo katika vyuo vyao, na kulisoma Ungamo wakikumbuka madhara yaliyotokea.

Angalieni mpangilio huo, wapendwa. Kwanza ukweli, tena ukisemwa pamoja na aliyeumizwa. Kisha kuomba msamaha. Kisha kubadili mwenendo.

Katika sharika zetu, aliyetenda dhambi hutengwa, kisha hutubu hadharani na kurudi kundini. Ni desturi njema. Lakini mjane aliyenyang'anywa shamba na huyo anayetubu, nani amemwuliza? Huenda ameketi benchi la nyuma, akisikia mdeni wake akitangazwa kuwa amesamehewa, na shamba bado halijarudi. Zakayo hakuishia kwenye machozi. Aliahidi kurudisha mara nne (Luka 19:8). Na palipo na jinai, msamaha wa Kanisa hauzuii sheria kufanya kazi yake.

Kwa hiyo wazee wa kanisa, kabla ya kumrudisha mtu kundini, nendeni kwanza nyumbani kwa yule aliyeumizwa. Kaeni, msikilizeni hadi mwisho, mwulizeni ni kitu gani bado hakijatengenezwa. Haki ya Mungu haimsahau Fritz Erbe gerezani, wala mjane wa benchi la nyuma.