Kartushi ya kujazwa upya: mwenye bunduki ya kalibri 12 ajue nini

Kwenye barabara zinazotoka Kisangani, ile ya Ituri kuelekea Bafwasende, ile ya Buta, ile ya Ubundu, na ile ya Opala baada ya kuvuka mto, nyama ya pori inayofika sokoni inatoka mingi kwa mitego ya waya na kwa bunduki ya kalibri 12. Kartushi ya kiwandani ni ghali kwa mtu wa kijiji, na mara nyingine haipatikani kabisa. Ni vile ganda tupu halitupwi. Linarudi kwa fundi, linajazwa, linauzwa tena kwa bei ya chini.

Swali la makala hii ni moja: kartushi hiyo ya bei ya chini, nani analipa ile bei inayobaki? Mara nyingi ni mkono, jicho au maisha ya mwenye kuipiga.

Ndani ya kartushi kuna nini?

Nambari 12 si milimita. Ni hesabu ya zamani: ukichukua ratili moja ya madini ya risasi, yaani gramu 453 na kidogo, ukaigawa kuwa mipira 12 iliyo sawa, kila mpira unaenea ndani ya mtutu huo. Upana wa mtutu ni karibu milimita 18,5.

Kartushi ina vitu vitano: ganda la plastiki au karatasi lenye kitako cha chuma, fataki katikati ya kitako (wengine wanaita amorsi), baruti, kizibo, na punje za risasi. Zile za shevrotini ni kubwa na chache, mara nyingi 9 kwa kartushi moja. Kartushi nyingi za Afrika ya Kati zimetoka kiwanda cha MACC cha Pointe-Noire, Kongo-Brazzaville.

Ukipiga, fataki inawasha baruti, baruti inageuka gesi, gesi inasukuma kizibo na punje. Sheria za Ulaya za kupima bunduki zinaruhusu kartushi ya kawaida ya kalibri 12 kufikia presha ya bari 740. Tairi ya pikipiki ina bari 2 hivi. Sasa fikiria: presha zaidi ya mara 300 ya tairi, sentimita chache kutoka kwa mkono wako na uso wako.

Wapiga shabaha wa michezo wanajaza, kwa nini sisi hapana?

Ni kweli, huko Ulaya, Marekani na Afrika Kusini, wapiga shabaha wengi wanajaza kartushi zao wenyewe nyumbani, na sheria ya kwao inaruhusu. Lakini tuangalie wanavyofanya. Wananunua baruti yenye jina, na kiwanda cha baruti hiyo kinatoa jedwali la vipimo kwa kila aina ya ganda, fataki na kizibo. Wanapima kwa mizani inayotambua uzito chini ya gramu 0,01. Wanaanza na kipimo cha chini. Mezani inakaa baruti ya aina moja tu, zisichanganyike. Ganda lenye ufa linatupwa.

Tena, hawajazi juu ya kupata nguvu zaidi. Wanataka kila pigo lifanane na lile lililotangulia. Hata bastola ya mashindano inachaguliwa hivyo. Katika Olimpiki, bastola ya mita 10 inatumia hewa tu, na kidonge cha milimita 4,5. Duara la pointi 10 lina upana wa milimita 11,5. Bastola ya mita 25 inatumia kartushi ndogo ya milimita 5,6, ambayo fataki yake imepakwa ndani ya ukingo wa kitako, kwa hiyo ikishapigwa haijazwi tena. Mchezaji anaangalia kama mshiko unakaa vizuri mkononi mwake, kama anaona shabaha wazi, na kama kifyatulio hakikwami. Kanuni zinasema kifyatulio kisiwe chepesi kuliko gramu 500 kwa bastola ya hewa, na gramu 1.000 kwa ile ya mita 25. Kishindo kikubwa hakimsaidii kitu.

Fundi wa kijijini hana jedwali wala mizani. Anapima kwa kifuniko au kwa jicho. Mara nyingi hajui hata baruti aliyo nayo ni ya aina gani, na hapo ndipo hatari kubwa inalala.

Baruti si moja

Baruti nyeusi ni ya zamani, inatoa moshi mwingi. Baruti isiyo na moshi iligunduliwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, na nguvu yake ni kubwa sana kuliko ile nyeusi. Mtu akiweka hii mahali pa ile kwa kifuniko kilekile, mtutu unaweza kupasuka.

Na hata zile zisizo na moshi hazifanani. Kuna inayowaka haraka na kuna inayowaka polepole. Baruti iliyotolewa katika masasi ya vita ilitengenezwa kwa bunduki ya vita na si kwa kalibri 12. Kwa macho zote ni punje ndogo za kijivu au kijani. Macho hayawezi kuzitofautisha.

Kisangani tunajua pia hatari ya kuokota. Katika Vita vya Siku Sita, kuanzia tarehe 5 mpaka 10 mwezi wa 6 mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji, na maelfu ya makombora yalianguka kwenye mitaa yetu. Timu za kutegua mabomu zilifanya kazi hapa miaka mingi baadaye. Anayefungua kitu cha vita ili kupata baruti anafungua kitu kilichotengenezwa kuua. Usikiguse. Weka alama kwa mbali, zuia watoto, mwambie chefu wa kata au polisi.

Bunduki yenyewe ina umri gani?

Angalia chini ya mitutu. Bunduki nyingi za zamani zilitoka Liège, Ubelgiji, na zina alama ya herufi ELG ndani ya duara refu. Kama kuna pia simba na herufi PV, maana yake ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Kama haina, baruti hiyo si yake.

Tafuta pia urefu wa chumba cha kartushi: 65 au 70, ni milimita. Kartushi ya 70 inaweza kuingia kwenye chumba cha 65 bila shida, lakini ikipigwa, mdomo wake hauna nafasi ya kufunguka na presha inapanda.

Bunduki za mafundi wa kienyeji, zile ambazo Katanga wanaita pupu, hazina alama yoyote, juu ya hazikujaribiwa popote.

Moshi wa jikoni

Punje za kienyeji mara nyingi zinatoka kwa batri za magari zilizokufa. Risasi inayeyushwa katika sufuria, na mara nyingine sufuria hiyo inarudi jikoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Huko Thiaroye, karibu na Dakar, Senegal, watoto 18 walikufa kati ya mwezi wa 11 mwaka 2007 na mwezi wa 3 mwaka 2008, mahali ambapo watu walikuwa wakivunja batri kuukuu ili kupata risasi. Mama wa nyumba, kazi hiyo isifanyike kwenye uwanja wako. Na nyama iliyopigwa na punje, kata na utupe sehemu zote zilizo kando ya jeraha, zaidi sana kama kuna watoto au mama mwenye mimba mezani.

Sheria inasema nini?

Silaha na masasi nchini vinasimamiwa na sheria nambari 85-035 ya tarehe 3 mwezi wa 9 mwaka 1985. Uwindaji unasimamiwa na sheria nambari 82-002 ya tarehe 28 mwezi wa 5 mwaka 1982, inayodai kibali. Mkataba wa Kinshasa wa nchi za Afrika ya Kati, ulioanza kufanya kazi tarehe 8 mwezi wa 3 mwaka 2017, unahusu silaha ndogo, masasi yake, na hata vipande vinavyoweza kutumika kuvitengeneza. Kwa hiyo anayejaza kartushi na kuziuza bila ruhusa asidhani ni biashara kama kuuza mafuta ya mawese.

Ya kukumbuka

Kabla ya kununua: kartushi iliyozibwa kwa nta au gundi, yenye fataki iliyokwaruzwa, kitako kilichovimba, au ganda lisiloingia bila kulazimishwa, iache.

Ukifyatua na haikulia: mdomo wa bunduki ubaki upande usio na mtu, hesabu angalau sekunde 30, ndipo ufungue.

Ikilia kidogo, kama pumzi: simama. Kizibo kinaweza kuwa kimebaki ndani ya mtutu. Fungua, toa kartushi, angalia mtutu kutoka nyuma mpaka uone mwanga upande wa pili. Wengi wanapoteza vidole kwa pigo la pili.

Bunduki na kartushi vikae mbali na watoto, kila kimoja mahali pake, chini ya kufuli. Na ganda tupu lipasue kwa kisu kabla ya kulitupa. Hapo hakuna atakayelijaza tena.