Ruhusa ya California na Motokaa Zisizo Moshi

Katika Julai, 1943, ukungu mzito uliufunika mji wa Los Angeles. Macho yaliwawasha watu, koo zikawakereketa, na kwa kuwa zilikuwa zama za vita, wengine walidhani adui amemwaga gesi ya sumu. Lawama ilikiangukia kiwanda kimoja cha vita. Kikafungwa, ukungu ukabaki. Baadaye mkemia Arie Haagen-Smit, mzaliwa wa Uholanzi, alionyesha kuwa mwanga wa jua huugeuza moshi wa motokaa na wa mafuta kuwa sumu mpya. Adui alikuwa akiegeshwa mlangoni pa kila nyumba.

Dhiki hiyo ilizaa haki ya pekee. Sheria ya Marekani ya mwaka 1967 iliyanyima majimbo uwezo wa kuweka masharti yao juu ya moshi wa motokaa mpya, isipokuwa California, iliyokwisha tangulia. Nayo ilipaswa kuomba ruhusa.

Mwaka 1990 Bodi ya Hewa ya jimbo hilo iliyaamuru makampuni makubwa yauze motokaa zisizotoa moshi kabisa: 2 katika kila 100 mwaka 1998, 5 mwaka 2001, na 10 mwaka 2003. Makampuni yalilalama kuwa betri hazijakomaa, na tuwe waadilifu, hayakusema uwongo. Mwaka 1996 Bodi ikayafuta masharti yaliyotangulia 2003. General Motors iliikodisha EV1 yake bila ya kuiuza. Kisha ikazikusanya na nyingi zikapondwa, ingawa waliozikodi walitaka kuzinunua.

Wengi husimulia kisa hiki kama kushindwa. Mimi sikubali. Amri ililegezwa, haikufa; kampuni isiyotimiza sehemu yake iliweza kununua hati za ziada kwa iliyotimiza. Mwaka 2013 Tesla ilipopata faida yake ya kwanza ya robo mwaka, bila ya mauzo ya hati hizo isingaliipata.

Mwaka 2022 Bodi iliamuru kwamba ifikapo 2035 motokaa mpya zote za abiria ziwe zisizo moshi, zikiwamo chache zenye betri na petroli pamoja. Ruhusa ilitolewa Desemba 2024. Tarehe 12 Juni, 2025, Rais Trump alitia sahihi azimio la Bunge la kuitangua, na siku hiyo hiyo California, pamoja na majimbo mengine, ikaenda mahakamani.