Nchi za Kubuni na Utabiri wa Gusii: Historia ya Simulizi za Udhalimu katika Usomaji wa Vijana

Distopia ni tawi la fasihi linalobuni jamii ambayo watawala wake wameyabana maisha ya watu kuanzia chakula hadi fikra, kisha likamfuata mtu mmoja, aghalabu kijana, anayeanza kuhoji. Tawi hilo huzungumzwa mara nyingi kana kwamba lilizaliwa Marekani mwaka 2008, Suzanne Collins alipochapisha The Hunger Games. Dhana hiyo haiwatendei haki vijana wa Kisii na Nyamira, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakisoma na kujibia maswali ya mtihani kuhusu nchi za kubuni zenye madhalimu wa kila namna, na ambao mababu zao walikuwa na simulizi la wakati ujao wa kutisha kabla ya ofisa yeyote wa Kiingereza kupiga kambi Getembe, mahali ambapo leo pamesimama mji wa Kisii. Mifululizo ya Kimarekani, nchi za kubuni za Kiswahili na utabiri wa Abagusii, wenyeji wa Kisii na Nyamira nchini Kenya, hazijazoea kuwekwa kwenye rafu moja, ilhali zikiwekwa pamoja kila moja huonyesha pengo la nyenzake.

Katika Kiswahili, historia hiyo inaanza mapema zaidi kuliko wasomaji wengi wanavyodhani. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, miaka miwili tu baada ya George Orwell kutoa riwaya yake ya 1984, na katika kitabu hicho nchi inayoelea angani inamshtaki kijana Karama kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi nyingine, wakarudi na maarifa ya kuwafaa wenzao, wakalipwa kwa kifungo. Nchi nyingine ya mwandishi huyo, Kufikirika, ilichapishwa mwaka 1967, mwaka uleule ambao Fortunatus Kawegere alitoa Shamba la Wanyama, tafsiri yake ya kisa cha Orwell kuhusu mapinduzi yanayogeuka kuwa utawala wa nguruwe. Baadaye Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Victoria, aliandika Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, riwaya mbili fupi zinazoshikana na zinazompitisha msomaji katika dunia iliyovurugika na kuteketea. Katama Mkangi, mwanasosholojia aliyewahi kutiwa kizuizini na serikali ya Kenya, alitoa Walenisi mwaka 1995, na Kyallo Wadi Wamitila akafuata na Bina-Adamu! mwaka 2002 na Musaleo! mwaka 2004. Vitabu hivi vinastahili heshima kubwa kuliko vinavyopewa, kwa kuwa viliubuni udhalimu wa dunia nzima wakati ambapo riwaya nyingi za Kiswahili zilikuwa bado zinashughulika na migogoro ya familia na ya kijiji.

Hata hivyo, katika shule za sekondari za Kisii na Nyamira, kama kwingineko nchini Kenya, njia kuu ambayo simulizi la udhalimu limemfikia kijana ni kitabu teule, yaani kazi ya fasihi inayochaguliwa na wakuza mitaala na kutahiniwa kwa miaka kadhaa katika mtihani wa kidato cha nne kabla ya kupisha nyingine. Mfululizo wa kigeni huusoma mwenye uwezo wa kuununua au mwenye rafiki wa kumwazima, lakini kitabu teule humfikia kila mtahiniwa, awe Bomachoge au Mugirango Kaskazini, na hurudiwa darasani hadi majina ya wahusika yakawa sehemu ya mazungumzo ya bwenini. Kizazi kimoja kilisoma Kifo Kisimani, tamthilia ya Kithaka wa Mberia iliyotoka mwaka 2001, ambamo Mtemi Bokono anatawala Butangi kwa vitisho na mtetezi wa watu, Mwelusi, anauawa na ndugu yake wa damu aliyeahidiwa kumwoa binti wa mtawala. Watahiniwa wa 2013 hadi 2017 walipewa mahali pawili kwa pamoja, nchi ya Tomoko ya Ken Walibora katika riwaya ya Kidagaa Kimemwozea na jiji la Cheneo la Timothy Arege katika tamthilia ya Mstahiki Meya. Wa 2018 hadi 2022 waliishi na Sagamoyo ya Pauline Kea katika Kigogo, na tangu 2023 zamu imekuwa ya Matuo, nchi ya Mtemi Lesulia katika Nguu za Jadi ya Clara Momanyi.

Hakuna aliyezipanga Butangi, Tomoko, Cheneo, Sagamoyo na Matuo ziwe mfululizo, kwa sababu waandishi ni tofauti na wachapishaji ni tofauti, lakini anayezisoma kwa kufuatana anaona kisa kimoja kikirudi kwa sura mpya. Mtawala ana cheo chenye harufu ya kale au ya kimanispaa, mtemi au meya, naye amezungukwa na washauri wanaomwambia anachotaka kusikia. Rasilimali moja ya umma, iwe ardhi, soko, dawa za hospitali au nafasi za kazi, imegeuzwa mali ya wachache. Na anayesema ukweli anaitwa mchochezi. Mtemi Nasaba Bora wa Tomoko ananyakua mashamba kwa hati za kughushi, Meya Sosi wa Cheneo anapuuza mgomo wa wafanyakazi huku wagonjwa wakikosa dawa, mtawala Majoka anafunga soko la Chapakazi linalowalisha watu wa Sagamoyo, na utawala wa Lesulia unawabagua Waketwa kwa asili yao. Udhalimu wa aina hii hauhitaji mashine za ajabu, na ndiyo maana unamgusa msomaji kwa karibu sana: mzazi wake amewahi kuzungushwa ofisini akitafuta hatimiliki, au kufukuzwa kwenye kibanda chake cha kuuzia ndizi.

Mifululizo ya Kimarekani inaujenga udhalimu kwa njia nyingine. Msingi wake uliwekwa na Lois Lowry katika The Giver mwaka 1993, ambamo kila mtoto anapangiwa kazi ya maisha yake akifikisha miaka 12, na ukapanuliwa na Collins katika vitabu vitatu vya 2008, 2009 na 2010, ambamo makao makuu ya nchi ya Panem huzilazimisha wilaya 12 kutoa kila mwaka mvulana mmoja na msichana mmoja, wa kati ya miaka 12 na 18, wauane mbele ya kamera hadi abaki mmoja. James Dashner alianza The Maze Runner mwaka 2009 kwa kuwafungia wavulana waliopokonywa kumbukumbu ndani ya kuta za njia zisizoeleweka, na Veronica Roth alianza Divergent mwaka 2011 kwa kuwagawa wakazi wa Chicago ya baadaye katika makundi matano, kila kijana akilazimika kuchagua lake akiwa na miaka 16. Katika kazi hizi zote dola humkamata mtu akiwa bado mtoto, kwa njia ya uteuzi, mtihani au bahati nasibu, na hapo ndipo ubora wake ulipo, kwa kuwa msomaji wa umri huohuo haambiwi kuhusu mateso ya watu wazima bali huwekwa yeye mwenyewe foleni. Nchi za Kiswahili ni dhaifu katika jambo hili. Amani wa Tomoko, Tunu na Sudi wa Sagamoyo na Mangwasha wa Matuo ni watu waliokwisha kuingia katika ulimwengu wa ajira, siasa au ndoa, na mtoto wa miaka 14 huwatazama kama kaka na dada waliomtangulia.

Panapohusu watu wazima, mizani inageuka, kwani Collins na Roth huwachora wasaidizi wa mtawala kwa haraka, ilhali tamthilia za Kiswahili zinakaa nao, zinasikiliza wanavyojidanganya, na zinaonyesha jinsi mtu wa kawaida anavyonunuliwa kwa cheo kidogo au ahadi ya mke. Ndugu ya Mwelusi kando ya kisima anafundisha kuhusu usaliti kuliko wabaya wengi wa Panem.

Tofauti nzito kuliko zote iko mwishoni. Katika kitabu cha tatu cha Collins mkuu wa dola ameshaanguka, lakini Katniss, msichana ambaye ndiye mhusika mkuu, anatambua kwamba kiongozi wa waasi anataka kuendeleza ukatili uleule, na mshale uliokusudiwa mtawala wa zamani anamlenga huyo wa pili. Nchi za vitabu teule kwa kawaida hufungwa pazia pale mtawala anapoachwa na watu wake, na asubuhi inayofuata haiandikwi, kwa hiyo kijana hufundishwa vizuri namna dhalimu anavyoporomoka na huambiwa machache kuhusu kinachokuja baada yake.

Sura hiyo inayokosekana imo katika historia ya Gusii yenyewe. Sakawa, nabii aliyeishi katika karne ya 19, anakumbukwa na Abagusii kwa kutabiri kuja kwa wageni weupe watakaowapokonya mashujaa silaha, na simulizi zinaeleza kwamba alizunguka Getembe akionyesha mahali ambapo majengo ya utawala wao yangesimama. Huu ni mtazamo uleule wa Panem, jamii inayooneshwa utumwa wake kabla haujafika, isipokuwa kwamba wasikilizaji wa Sakawa waliuona ukifika. Msafara wa kijeshi wa Kiingereza uliivamia Gusii mwaka 1905, na kituo cha utawala kikawekwa Getembe. Januari 1908 kijana Otenyo, akitiwa moyo na Moraa, mwanamke aliyeheshimiwa kwa uganga na maono, alimchoma mkuki mkuu wa wilaya G. A. S. Northcote, ambaye alipona, na adhabu iliyofuata ilikuwa ya mauaji na uchomaji wa nyumba kwa kiwango kilichomfanya hata Winston Churchill, wakati huo naibu katika Wizara ya Makoloni, kulalamika kuhusu kuuawa kwa watu wasioweza kujitetea.

Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego, katika nchi ya Waluo, alitangaza kwamba Mumbo, nyoka mkubwa wa Ziwa Victoria, alimmeza na kumtapika akiwa na ujumbe kwamba Wazungu na dini yao wangetoweka. Imani hiyo, ambayo Audrey Wipper aliichunguza kwa kina katika kitabu chake cha 1977 kuhusu waasi wa mashambani wa Kenya, ilivuka mpaka wa lugha, ikaingia Gusii na kuungana na kumbukumbu ya Sakawa. Wafuasi wake walikataa mavazi ya kizungu, wakaacha nywele zikue, na wakasubiri enzi ya neema. Septemba 1914, mwanzoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walivuka kutoka koloni lao la Afrika Mashariki na kuuingia mji wa Kisii, Waingereza wakauacha kwa muda, na kwa wengi utabiri ulionekana kutimia, wakavamia maduka, ofisi na vituo vya misheni vilivyoachwa bila ulinzi.

Haukupita muda mrefu, Wajerumani wakarudi walikotoka. Waingereza waliporejea walitoza faini kwa kutwaa ng'ombe, na wakati wa vita vijana wa Gusii wakachukuliwa kwa wingi kubeba mizigo ya jeshi. Imani haikufa kwa pigo hilo. Mwaka 1921 uvumi ulienea kwamba Sakawa mwenyewe angerudi, serikali ikashtuka kiasi cha kuwahamisha baadhi ya viongozi wa Mumbo hadi Lamu, na mwaka 1954, miaka 40 baada ya uvamizi wa Kisii, Mumbo bado ilikuwa na uzito wa kutosha kwa serikali ya kikoloni kuiorodhesha miongoni mwa vyama vilivyopigwa marufuku.